Kuziba mwanya wa CVE-2025-29927 katika Next.js
Mwanya huu wa usalama, uliotangazwa Machi 2025, unazihusu tovuti za Next.js (mfumo wa kujengea tovuti kwa JavaScript) zinazoendeshwa kwenye seva ya mwenyewe na kukagua ruhusa katika safu ya kati (middleware, msimbo unaopitiwa na ombi kabla ya kufika kwenye ukurasa) pekee, kwa kuwa ombi lenye kichwa cha HTTP (header) kiitwacho x-middleware-subrequest huweza kuuruka ukaguzi huo na kuingia hadi kurasa za msimamizi. Sasisha hadi toleo la 15.2.3, 14.2.25, 13.5.9 au 12.3.5, kulingana na mfululizo unaoutumia. Ikishindikana leo, iamuru Nginx, seva inayopokea maombi mbele ya programu, ikiondoe kichwa hicho:

proxy_set_header x-middleware-subrequest "";

Kisha pekua kumbukumbu za seva (logs). Kwa kawaida hazihifadhi vichwa vya namna hii, jambo linaloudhi, hivyo tafuta kurasa za msimamizi zilizojibiwa 200 (yaani zilizofunguka) bila kutanguliwa na kuingia kwa nywila, na ukague ruhusa pia pale data inaposomwa.