Somo: Namna ya kusoma hukumu na kuifupisha (mwaka wa kwanza sheria) – tunatumia kesi ya Ephrahim na Pastory

Habari za jioni wanadarasa. Wengi mmeniandikia mkisema mhadhiri ametaja kesi kumi na tano ndani ya saa mbili, kisha akaaga. Ukimuuliza mtu wa mwaka wa tatu, anakutumia madesa yenye mstari mmoja kwa kila kesi: "Ephrahim v Pastory – mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo." Mstari huo si uongo. Lakini swali la mtihani halitakuuliza mstari huo, litakupa mjomba, shamba na tarehe, na hapo desa linakuacha solemba.

Leo tunafanya kesi moja tu, tena polepole. Nimeichagua hii kwa sababu utakutana nayo kwenye mbinu za kisheria, kwenye katiba, na baadaye kwenye ardhi na mirathi. Ukiimeza sasa, inakulipa miaka yote minne.

Hatua ya 1: Pata hukumu yenyewe

Ingia TanzLII, ni tovuti ya bure, hukumu na sheria za Tanzania zipo. Majina ya kesi za zamani huandikwa kwa namna tofauti, mara Ephrahim, mara Ephraim, kwa hiyo tafuta kwa "Pastory" halafu uchague. Pakua faili uiweke kwenye simu mara moja, usiwe unaifungua upya kila siku na kumaliza bando. Hukumu hii si ndefu, unaimaliza kwa kikao kimoja.

Hatua ya 2: Soma kichwa, kisha ruka mwisho

Kichwa cha hukumu watu hukipita kama tangazo la basi. Usikipite. Hapa kinasema ni Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya, mwaka 1990, rufaa ya madai namba 70 ya 1989, na mbele ya namba kuna herufi PC, yaani Primary Court. Herufi hizo mbili zinakwambia shauri lilizaliwa Mahakama ya Mwanzo. Kabla hujasoma aya hata moja, tayari unajua kuna mahakama mbili zilizokwisha kusema neno chini yake.

Sasa nenda mwisho kabisa, kwenye amri. Nani kashinda, na amepewa nini hasa? Ukishajua tulikofika, utasoma njia yote ukijua ni aya ipi inatupeleka huko na ipi ni jaji anapunga upepo. (Jaji Mwalusanya alipenda kuandika kwa hisia. Utamfurahia, ila usinukuu kila sentensi nzuri.)

Hatua ya 3: Panda na kesi ngazi kwa ngazi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chora ngazi kwenye daftari, na kila ngazi uandike nani alidai nini na akapata nini.

Chanzo: Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ulipomwendea, hana wa kumtunza, akaliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa Gervazi Kaizilege, ambaye si mtu wa ukoo, kwa shilingi 300,000.

Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba: kesho yake tu mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri. Hoja yake ni kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mauzo yakatamkwa batili, na shangazi akaamriwa arudishe hizo 300,000.

Mahakama ya Wilaya Muleba: uamuzi ukapinduliwa. Hakimu alisema Haki za Binadamu zilizomo kwenye Katiba zimewapa wanawake na wanaume haki sawa.

Mahakama Kuu Mwanza: mpwa akakata rufaa. Huyu sasa ndiye mrufani, na shangazi na mnunuzi ni wajibu rufani. Angalieni jinsi vyeo vinavyogeuka: aliyekuwa mdai aliyeshinda Kashasha, Mwanza anaonekana analalamika. Mwanafunzi asiyechora ngazi huchanganya hapa na kuandika kwamba "mrufani Holaria". Msahihishaji akiona hivyo, anajua hujasoma.

Hatua ya 4: Andika swali la kesi kwa sentensi moja

Si "je, wanawake wana haki?" Hilo ni swali la mdahalo. Swali la mahakama lina watu, sheria na tendo ndani yake. Langu mimi linasomeka hivi:

Je, kanuni ya mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, huku mwanamume akiruhusiwa, inaweza kuendelea kutumika baada ya Haki za Binadamu kuingizwa kwenye Katiba ya 1977?

Lako linaweza kuwa tofauti kidogo. Likizidi mistari mitatu, bado hujaelewa.

Hatua ya 5: Tenganisha sheria tabaka kwa tabaka

Tabaka la chini ni mila yenyewe: kanuni ya 20 ya sheria za urithi katika Tamko la Sheria za Kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Inasema mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo ataitumia lakini hawezi kuiuza. Kuna nafuu kama ukoo hauna mwanamume kabisa.

Juu yake Katiba, ibara ya 13(4), inayokataza ubaguzi. Jaji aliongeza mikataba ya kimataifa, ukiwemo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake.

Kati ya hayo mawili kuna daraja, na ndilo ambalo madesa hayalitaji: kifungu cha 5(1) cha Sheria Na. 16 ya 1984. Haki za Binadamu ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, lakini serikali ilijipa muda wa kusafisha sheria zake, na mahakama zikafunguliwa mlango Machi 1988. Kuanzia hapo, kifungu hicho kinaiamuru mahakama isome sheria iliyopo, mila ikiwemo, pamoja na marekebisho yatakayoifanya ilingane na Katiba. Sasa rudini hatua ya 3 mwangalie tarehe ya mauzo: Agosti 1988.

Kwa hiyo jaji hakuitupa kanuni ya 20. Aliirekebisha. Alisema wanaume na wanawake sasa wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Na kwa kuwa mwanamume akiuza kwa mtu baki bila ridhaa ya ukoo, wanaukoo wana haki ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa, basi sharti hilohilo linamhusu mwanamke. Matokeo: rufaa ikatupwa, Holaria alikuwa na haki ya kuuza, na Bernardo akaachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa zilezile 300,000. Ndiyo maana nilisema muanze na amri.

Hiyo njia ya kutoka kanuni ya 20, kupitia kifungu cha 5(1), hadi usawa, ndiyo ratio decidendi, yaani sababu ya uamuzi, ile inayofunga. Maneno ya jaji kuhusu ukombozi wa wanawake kwa jumla ni obiter dictum, yanapendeza ila hayamfungi mtu.

Hatua ya 6: Muhtasari, nusu ukurasa

Kesi na mahakama mstari mmoja. Ukweli wa kesi mistari minne. Safari ya mahakamani mistari mitatu. Swali. Uamuzi. Sababu, hapa jipe nafasi. Amri. Basi. Andika kwa mkono.

Hatua ya 7: Igeuze iwe swali la mtihani

Badilisha jambo moja moja uone kama jibu linatikisika. Kama muuzaji angekuwa mwanamume? Kama angeuza mwaka 1986? Kama mnunuzi angekuwa ndugu wa ukoo? Ukiweza kusema kwa nini badiliko moja lina uzito na jingine halina, hiyo IRAC mnayoisikia darasani (njia ya kujibu: swali, sheria, kuoanisha, hitimisho) itajiandika yenyewe, maana sehemu inayowaangusha watu ni ile ya kuoanisha sheria na ukweli wa kesi.

MASWALI YA WANADARASA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi Kiingereza kinanipiga chenga. Naruhusiwa kutengeneza muhtasari kwa Kiswahili?

Jibu: Marahaba. Ruksa kabisa, tena nakushauri. Ukiweza kumweleza bibi yako kesi hii kwa Kiswahili, umeielewa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, Kiingereza kinatumika pale haki inapohitaji, kwa hiyo si kazi bure. Ila mtihani wako bado ni wa Kiingereza, na hukumu nyingi unazosomea ni za Kiingereza. Sababu na amri ziandike kwa lugha zote mbili, zile nyingine acha kwa Kiswahili.

Swali: Kwa hiyo mila za kuwanyima wanawake urithi zilikufa mwaka 1990?

Jibu: Hapana, na wengi hupoteza alama hapa. Uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu unazifunga mahakama za chini yake. Kwa jaji mwenzake una uzito wa kushawishi tu. Mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga waliishtaki serikali Mahakama Kuu, Dar es Salaam, wakipinga sheria za urithi katika Tamko hilohilo. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zina ubaguzi, lakini ikasita kuzifuta, ikiona mila hazibadilishwi kwa kalamu ya jaji. Rufaa yao ikaishia mwaka 2010 kwa kasoro za kiutaratibu. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imekiuka wajibu wake. Ukiulizwa swali la insha, ziweke hizi mbili uso kwa uso. Maoni yangu: hoja ya Mwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa kifungu cha 5(1) kinasema mahakama irekebishe, hakisemi isubiri Bunge. Mhadhiri wako anaweza kukataa, mjibu kwa hoja.

Swali: Mwalimu, mbona mpwa naye alipata haki ya kukomboa? Si kama shangazi alishinda nusu?

Jibu: Swali zuri sana, msomi. Shangazi alishinda lililobishaniwa, yaani mamlaka ya kuuza, na ile amri ya kurudisha fedha haikusimama. Haki ya kukomboa ilikuwepo tangu zamani dhidi ya wauzaji wanaume. Usawa maana yake alipata haki pamoja na sharti lake. Anayebeba hatari ni mnunuzi, ambaye shamba linaweza kumponyoka akabaki na pesa yake tu. Liweke hilo kwenye swali la hatua ya 7.

Swali: Niko Eldoret, nasoma sheria Kenya. Kesi hii inanisaidia nini?

Jibu: Inakusaidia kama mfano wa kushawishi, haikufungi. Ya kwenu isome Rono v Rono, Mahakama ya Rufani iliyoketi hapohapo Eldoret mwaka 2005, kuhusu mabinti kugawana mali ya baba yao sawa na watoto wa kiume. Ipo bure kwenye Kenya Law. Kisha soma ibara ya 2(4) ya Katiba yenu ya 2010, inayosema wazi kwamba mila inayopingana na Katiba ni batili kwa kiwango cha mgongano huo. Linganisha: kwetu jaji alihitaji daraja la kifungu cha 5(1), kwenu Katiba yenyewe imelisema.

Swali: Zanzibar je?

Jibu: Tamko la 1963 lilitungwa kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar halipo. Huko mirathi ya Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Njia ya kusoma hukumu ni ileile.

Swali: Naweza kuipa akili mnemba hukumu initengenezee muhtasari? Muda hautoshi jamani.

Jibu: Ukiipa faili lenyewe, na wewe umeshaandika wako, inaweza kukuonyesha ulichoruka. Ukiiomba tu "nipe kesi za ardhi ya ukoo", itakuletea kesi zenye majina mazuri ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mahakama yoyote. New York mwaka 2023 mawakili waliwasilisha kesi za namna hiyo kwenye shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kila kesi utakayopewa, itafute TanzLII kwanza. Isipoonekana, usiiandike.

Swali: Kipindi kijacho tunafanya ipi?

Jibu: Bi Hawa Mohamed v Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, kuhusu kazi za nyumbani za mke na mgawanyo wa mali baada ya talaka. Someni kabla ya kikao. Kila mmoja aje na ngazi aliyochora na swali la kesi kwa sentensi moja. Picha ya daftari inatosha, msitume video, wenzenu wanahesabu bando.