Kufufua baiskeli kuukuu bila kuipaka rangi

Baiskeli kuukuu ninazoletewa hapa Mikindani, Mtwara, nyingi ni za breki za fito (zinazovutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya), Raleigh za Uingereza au Phoenix za China, tairi namba 28. Mwenyewe mara nyingi huja na kopo la rangi mkononi. Namwomba alirudishe dukani. Pale magunia ya korosho yalipokwangua keria, nembo ya kiwandani iliyobaki nusu, weusi uliopauka kwa jua: hiyo ndiyo sura yake, na hakuna duka linaloiuza. Mimi natengeneza kinachozunguka. Kinachoonekana nakitunza kilivyo.

Hatua ya 1: Osha kwa maji yasiyo na chumvi, sabuni kidogo na kitambaa laini. Petroli na mafuta ya taa visiguse nembo, vitaibandua. Anika kivulini.

Hatua ya 2: Kutu. Upepo wa bahari huku kwetu haukisamehe chuma. Kwenye kromu ya usukani na kengele, kunja karatasi ya alumini, ichovye kwenye maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, haitaikwaruza kama msasa. Kutu ya juujuu kwenye fremu ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, basi. Lakini chuma kikimeguka au kikibonyea, hasa karibu na ekseli ya pedeli, usikionee huruma: kapeleke kuchomelewa kabla hujaipanda.

Hatua ya 3: Hapa ndipo pa kutulia. Kotapini, yaani pini inayoshika krenki (mkono wa pedeli) kwenye ekseli, nyingi huharibiwa na haraka wakati wa kuzitoa. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini ili ilinde uzi wa skrubu, egemeza krenki juu ya kipande cha bomba, kisha piga pigo moja zito. Vipigo vidogo vidogo huipinda tu. Kumbuka pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Hufunguka kwa kufuata mshale wa saa.

Fungua habu (kitovu cha gurudumu), toa gololi zote, safisha vikombe zinamokaa. Kwa kawaida habu ya mbele hutumia gololi za inchi 3/16, ya nyuma inchi 1/4. Nunua seti nzima. Mpya zikichanganywa na zilizolika, mzigo wote hubebwa na mpya. Jaza grisi, kaza koni (kipande cha kwenye ekseli kinachobana gololi) mpaka gurudumu lizunguke bila kukwama na bila kucheza.

Hatua ya 4: Cheni iloweke kwenye mafuta ya taa, piga brashi, kausha, tia oili. Siti ya ngozi ipake mafuta kidogo sana, kwa chini.

Hatua ya 5: Breki za fito huvuta raba zikabana ringi upande unaotazama habu. Ng'arisha njia hiyo, weka raba mpya, sawazisha fito ili raba zote mbili ziguse pamoja. Ringi ya chuma ikilowa, breki hupungua nguvu sana. Anayeshuka mteremko wa Newala na mvua aanze kufunga mapema, kabla mwendo haujakolea.