Somo: Kuogesha ng'ombe kwa bomba bila kumwachia kupe pa kujificha

Wanaolalamika kwamba dawa za kupe za siku hizi ni maji matupu, ukiwauliza walivyopulizia utasikia: mgongo, mbavu, basi. Nawaelewa, maana nilimpoteza mtamba kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, huku naogesha kila Jumamosi bila kukosa. Mgongo ulikuwa unang'aa. Ndani ya sikio kupe walikuwa wamejipanga kama punje za mtama.

Anayeambukiza ndigana kali ni kupe wa kahawia apendaye masikio. Akiwa mchanga hunyonya mnyama mmoja, akishiba anadondoka na kujivua ngozi nyasini. Humpanda wa pili, tena anadondoka. Akishakomaa humpanda wa tatu. Jike likishiba hutaga chini mayai yanayoweza kuzidi 3,000. Yaani sehemu kubwa ya maisha yake yuko malishoni, wala si juu ya ng'ombe. Upenyo wetu ni huu: akishang'ata, hupita siku tatu hivi au zaidi ndipo vimelea vya ndigana viive kwenye mate yake. Ukimuua mapema, umewahi. Ukiruka wiki mbili kwa sababu ya msiba au mvua, umempa nafasi.

Hatua ya 1: Soma chupa. Si jina kubwa, soma maandishi madogo. Amitrazi, mojawapo ya dawa za kuua kupe, ya 12.5% kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, hivyo bomba la lita 16 linataka mililita 32. Lebo yako ikisema vingine, fuata lebo. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha soda si kipimo. Ukipunguza ili dawa ifike mwisho wa mwezi, unafuga kupe sugu.

Hatua ya 2: Mnyweshe maji kwanza. Ng'ombe mwenye kiu atailamba dawa. Wa maziwa, kamua kabla ya kuogesha, na kiwele kioshwe vizuri kabla ya kukamua tena. Chagua asubuhi jua halijachoma, na mawingu ya mvua yasiwepo.

Hatua ya 3: Jilinde. Glavu, mabuti, mikono mirefu. Simama upepo unakotoka.

Hatua ya 4: Anza na sikio. Mfunge kamba fupi kwenye nguzo. Loweka kitambaa kwenye dawa uliyochanganya, futa ndani ya sikio kwa mkono wenye glavu, taratibu, dawa isiingie jichoni. Kisha inua mkia: chini yake na kuzunguka njia ya haja. Halafu mapajani, kiwele au korodani, kwapa, kidari, katikati ya kwato. Mgongo uwe wa mwisho. Pulizia kinyume na manyoya mpaka dawa ichuruzike tumboni. Ng'ombe mkubwa anaweza kumaliza lita 4 au 5. Ukimaliza na lita moja, umemnyunyizia manukato tu.

Hatua ya 5: Rudia kila wiki, kundi zima siku moja. Masika kupe wakizidi, muulize mtaalamu wa mifugo kama uongeze. Dawa iliyobaki bombani usiiweke hadi wiki ijayo, na usiimwage mtoni, samaki watakufa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimebadilisha dawa mara tatu na kupe bado wapo.*
Chupa tatu au dawa tatu? Linganisha viambato. Mara nyingi rangi ya lebo ndiyo iliyobadilika, ndani ni saipamethrini ileile, yaani kiambato kilekile cha kuua kupe. Hakikisha kwanza kipimo na masikio, kisha ndipo uhamie kundi jingine la dawa.

*Shikamoo. Punda wangu naye ana kupe, nimpulizie amitrazi hiyohiyo?*
Marahaba. Hapana kabisa. Amitrazi inaweza kumfunga punda tumbo hadi afe. Mtaalamu akuchagulie nyingine.

*Ndama amechanjwa ndigana, ana hereni ya alama ya chanjo. Niache kuogesha?*
Usiache. Chanjo inazuia ndigana kali peke yake. Ndigana baridi, kukojoa damu na moyo kujaa maji bado vinaletwa na kupe. Na ukiona tezi ya chini ya sikio imevimba pamoja na homa, usingoje kesho. Dawa ya ndigana husaidia zaidi ikitolewa mapema.

*Kupe akining'ata mimi? Bibi anasema nimchome na kiberiti.*
Bibi tumheshimu, kiberiti tukiache, na mafuta ya taa pia. Mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Osha kwa sabuni. Homa ikija siku zinazofuata, mweleze daktari kwamba uling'atwa.

*Tunawashwa usiku, na banda la kuku limeegemea ukuta wa chumba.*
Huenda ni utitiri, wadudu wadogo wanaonyonya damu ya kuku. Mchana hujificha kwenye nyufa na vichanja, usiku hutoka kunyonya kuku, na wakikosa kuku hung'ata watu. Toa matandiko yote uyachome, ziba nyufa, pulizia banda dawa inayoruhusiwa kwa kuku. Ila mkiona vipele katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele wa binadamu, wadudu wake wako ndani ya ngozi. Nendeni zahanati, mtibiwe nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu baada ya dawa, msikimbilie kujipaka ya ng'ombe.