Mstari wa kaskazini na kusini kwanza, darubini baadaye

Tulipomwaga zege la kuwekea darubini hapa shuleni Tabora, mimi nilikuwa na haraka. Nikalaza simu chini, dira ikaonyesha kaskazini, tukapiga rangi. Usiku Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ukasimama wima pembeni kabisa ya mstari wetu. Zege limejaa nondo, na chuma huvuta sindano ya dira; dira ingesema nini? Safari hii tumetumia jua.

1. Simamisha fimbo ya mita 1 kwenye tundu la katikati ya zege. Sakafu ipimwe kwa pimamaji, fimbo kwa timazi. Fimbo ikiinama kidogo tu, kazi yote imeharibika.

2. Funga uzi kwenye kitako cha fimbo, chora duara la nusu kipenyo sentimita 80. Hicho ni kipimo cha katikati ya Juni, kivuli kinapofupika hadi sentimita 54 hivi.

3. Subiri. Karibu saa 5 asubuhi ncha ya kivuli itaingia ndani ya duara: tia alama. Itatoka upande wa pili kama saa 8:37 mchana: tia nyingine. Wekeni zamu, maana huo ndio muda wa kukimbilia ugali.

4. Tafuta katikati ya alama mbili, unganisha na kitako cha fimbo. Basi, huo ndio mstari wa kaskazini na kusini.

Kuhakiki: katikati ya Juni, saa 2 kasoro dakika 10 usiku, Msalaba unasimama wima juu ya mstari, upande wa kusini.

Maswali ya wanaklabu

– Shikamoo mwalimu. Kivuli kimefupika kabisa saa 6:49, si saa 6. Saa yangu mbovu?

– Marahaba. Nzima hiyo. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, Tabora iko kwenye 32.8. Kila nyuzi ni dakika 4, piga hesabu. Wa Kigoma watapata saa 7 na dakika moja hivi.

– Tukiielekeza darubini kwenye jua lenyewe?

– Hapana! Labda iwe na kichujio cha jua kilichofunika mdomo wa mbele. Vile vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia hupasuka kwa joto, na jicho huungua bila kuuma.

– Mwanangu anasema mwezi wa kumi kivuli kilipotea.

– Kweli kabisa. Karibu na tarehe 6 Oktoba, na tena 8 Machi, jua linatupita utosini. Mwambie aje na fimbo yake.