Taa ya ndani ya Volkswagen Beetle: kutafuta kosa la waya bila kung'oa dari

Swichi ya mlango wa Beetle, inayoamuru taa ya ndani, haikati moto (umeme unaotoka chanya ya betri), inakata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha. Nyumbani tumezoea swichi inayokata moto, na ndiyo maana taa hii huwachanganya hata mafundi wazuri. Waya mwekundu unaleta moto kutoka betri kupitia fyuzi hadi kwenye taa saa zote, hata funguo ukiwa mfukoni. Balbu inangoja njia ya kurudi tu. Mlango ukifunguliwa, pini ya swichi inachomoza, waya wa kahawia unagusana na bodi kupitia swichi, na taa inawaka.

Hapo ndipo penye mtego wa rangi. Katika magari ya Kijerumani kahawia ni rangi ya ethi, kwa hiyo mtu akikuta waya wa kahawia umening'inia kwenye taa huufunga kwenye bodi moja kwa moja akidhani ameutengeneza. Taa ikiwekwa mkao wa mlango haizimiki tena. Waya ule ni wa ethi kweli, ila ni ethi inayopitia mlangoni kwanza.

Andaa testa ya balbu, mita ya umeme, waya wa majaribio wa mita 2 wenye vibanio ncha zote mbili, msasa laini, uzi, fyuzi chache na balbu mpya. Balbu ya kawaida ni ya wati 10, ile ndefu yenye ncha mbili za chuma. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana zinauzwa kwa urefu tofauti na milimita chache zinatosha kuifanya ilegee. Hakikisha pia volti ya gari: Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na zipo zilizobadilishwa baadaye. Soma betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, usitegemee kadi ya gari.

Anzia kwenye fyuzi, lakini usiishie kuitazama. Fyuzi za Beetle ni zile za umbo la risasi, nyeupe ya ampea 8 na nyekundu ya ampea 16, zikiwa na utepe mwembamba wa chuma unaopita ubavuni. Utepe unaweza kuwa umekatika chini ya kikofia cha ncha ambako jicho halifiki. Mara nyingi zaidi fyuzi ni nzima ila vishikio vyake vya shaba vimeota ukungu wa kijani. Izungushe kwa vidole mara kadhaa mahali pake. Taa ikiwaka, umepata kosa: ondoa ncha ya betri, sugua vishikio kwa msasa, vibane kidogo kwa koleo, weka fyuzi mpya ya ampea zilezile. Katika matoleo mengi yenye taa za hatari, taa ya ndani hutumia fyuzi moja nazo. Washa taa za hatari: zikimeta, fyuzi ina moto na huna haja ya kupoteza muda hapo.

Sasa nenda kwenye taa yenyewe. Ina mikao mitatu: imewaka, imezimwa, na inayofuata mlango. Jaribu mkao wa kuwaka na mkao wa mlango, kwa sababu njia zao za ethi ni mbili tofauti. Mkao wa kuwaka huchukua ethi hapo hapo darini, kwa kawaida kupitia kibanio cha chuma kinachoshika ukingo wa tundu la bodi. Mkao wa mlango hupitia waya wa kahawia. Taa inayowaka kwa mlango lakini inagoma ukiiwasha kwa mkono ina kutu au rangi kwenye ukingo wa tundu lake. Taa inayowaka kwa mkono lakini inagoma kwa mlango ina kosa kwenye swichi ya mlango au waya wake. Ikigoma kote kuwili, tazama balbu, vishikio vyake na waya mwekundu.

Kabla ya kuichomoa taa kutoka darini, ondoa ncha ya hasi ya betri. Tunasisitiza hili kwa sababu waya mwekundu una moto daima na tundu lile ni la chuma tupu: taa ikiinama kidogo tu, kichwa cha waya kinagusa bodi na fyuzi inakatika. Mtu anakuwa amekuja na kosa moja, anaondoka na mawili. Itoe kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu ili isichane kitambaa, kisha urudishe betri ukiwa umeishika taa mbali na chuma.

Kipimo chenye faida kuliko vyote kiko mlangoni. Swichi imekaa kwenye nguzo ya mbele ya mlango, imeshikwa na skrubu moja. Ifungue, ivute polepole, na kabla ya kuchomoa waya ufunge uzi. Ukiuachia ukarudi ndani ya nguzo, utautafuta jioni nzima. Weka taa kwenye mkao wa mlango, hakikisha mlango wa pili umefungwa, kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha bodi. Usiogope shoti, balbu yenyewe inaudhibiti mkondo. Taa ikiwaka kwa nguvu, basi fyuzi, waya mwekundu, balbu na waya wa mlango vyote ni vizima kwa mguso huo mmoja, na mbovu ni swichi au ethi yake. Isipowaka, nenda juu ukaguse ncha ya taa inayoshika waya wa kahawia kwa waya wa majaribio ulioungwa bodini. Ikiwaka sasa, waya umekatika ndani ya nguzo.

Kwa nini kugusisha na si kupima kwa mita? Mita hunywa mkondo mdogo mno, hivyo hata waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili, kisha balbu ikidai karibu ampea 0.83 volti hizo zinatoweka. Kwenye gari la volti 6 balbu ya wati 10 inadai takriban ampea 1.7, kwa hiyo kutu yenye ukinzani wa omu 1 tu inakula zaidi ya volti 1 na taa inafifia kama mshumaa. Wenye Beetle za zamani wasafishe viungo kwa bidii maradufu.

Swichi mbovu mara nyingi haijafa. Pini imegandishwa na vumbi na grisi kavu, au gari lilipigwa rangi upya na swichi ikarudishwa juu ya rangi hiyo, ikakosa ethi. Kwangua rangi kuzunguka tundu la skrubu hadi chuma king'ae, safisha swichi, paka vaselini kidogo, ifunge. Usipake rangi chini yake.

Taa ikikataa kuzimika milango ikiwa imefungwa, fungua mlango na uibonyeze pini kwa kidole, upande mmoja kisha mwingine. Ikizimika, pini haifikiwi: bawaba zimelegea na mlango umeshuka, au raba ya mlango ni nene mno. Isipozimika, chomoa waya wa swichi moja, kisha wa nyingine. Ikizimika baada ya kuchomoa, swichi hiyo imeganda ndani. Ikiendelea kuwaka na waya zote mbili ziko hewani, waya wa kahawia umechubuka na unagusa bodi mahali fulani, aghalabu kwenye tundu lililopoteza raba yake.

Kubadilisha waya hakuhitaji kushusha dari. Funga waya mpya wa milimita mraba 1 kwenye ncha ya ule wa zamani, uzungushie tepu nyembamba isiyo na kifundo, na uvute taratibu kutoka upande wa taa huku mwenzako akisukuma kutoka mlangoni. Ukikwama usilazimishe, rudisha kidogo, zungusha, vuta tena.

Ukipenda kuweka balbu ya LED, kumbuka nyingi zake zina chanya na hasi: ikigoma, igeuze. Nyingine hubaki na mng'ao hafifu milango ikiwa imefungwa, kwa sababu unyevu na uchafu kwenye swichi hupitisha mkondo mdogo ambao balbu ya wati 10 isingeuona. Safisha swichi, usilaumu balbu.

Kwa magari ya Kiingereza kama MGB mantiki ni ileile, rangi ndizo zinazobadilika: zambarau ni moto wa daima, zambarau yenye mstari mweupe ndio waya wa mlango, nyeusi ni ethi. Kabla ya kuweka LED, angalia pia kama gari lina ethi ya chanya, yaani bodi imeungwa na chanya ya betri badala ya hasi, hasa likiwa la kabla ya mwaka 1967.

Mwisho pima kama kuna mkondo unaovuja. Funga milango, ondoa ncha ya hasi ya betri, weka mita kwenye ampea 10 kati ya ncha hiyo na betri, na usiwashe injini wala taa kubwa mita ikiwa hapo. Beetle isiyo na redio ya kisasa wala kengele ya wizi inapaswa kusoma sifuri. Ukiona kama 0.8, taa ya ndani bado inawaka, na betri ya ampea-saa 36 haitamaliza siku mbili.