Keki ya chokoleti ya Kifaransa, kwa oveni au jiko la mkaa

Mteja wangu wa kwanza wa keki hii, mama mmoja wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, alinipigia simu usiku: “Dada, keki yako mbichi katikati.” Haikuwa mbichi. Haina beking pauda, unga wake ni kiduchu, kwa hiyo haichambuki kama zile tulizozoea kunywea chai. Siku hizi mteja namweleza kabla hajalipa.

Andaa chokoleti nyeusi gramu 200, siagi gramu 200, sukari gramu 150, mayai 5, unga wa ngano kijiko kimoja cha chakula na chumvi chembe.

Hatua ya 1. Chagua chokoleti yenye kakao asilimia 60 hadi 70. Kwa joto la huku, mara nyingi utaikuta imeota weupe. Si ukungu huo: ni mafuta ya kakao yaliyoyeyuka, yakapanda juu, yakaganda. Ikipata moto unapotea. Siagi iwe ya maziwa. Majarini utaisikia mdomoni mpaka kesho. Katakata vyote, weka kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji. Koroga hadi ing'ae.

Hatua ya 2. Epua, tia sukari na chumvi, acha ipoe hadi kidole kivumilie. Ukiwa na haraka, mayai yataivia humo humo. Tia yai moja moja ukikoroga, malizia na unga. Usipige kwa nguvu, hatutafuti povu.

Hatua ya 3. Mimina kwenye chombo cha upana wa sentimita 22 hivi, kilichopakwa siagi na kutandikwa karatasi. Oveni: nyuzi 180, dakika 22 hadi 25.

Wa mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, ipashe dakika kumi ndipo uingize chombo. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Jiko likae mahali pasipo upepo, hasa kiangazi. Mimi nimewahi kufunua upepo ukavuma, majivu yote yakaishia kwenye keki. Anza kuangalia dakika ya 20.

Hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Kijiti kikitoka kikavu, umechelewa. Kitoke na tope kidogo. Kingo zimeshika, katikati panatikisika ukigusa chombo. Itabonyea na kupasuka juu ikipoa. Iache, ndivyo ilivyo.

Hatua ya 4. Ipoe ndani ya chombo chake, usiigeuze ya moto, itamegeka. Kesho yake ni tamu zaidi. Mimi huiandalia na zabibu mbichi za hapa hapa, ule uchachu unakata uzito wa chokoleti. Kisu kichovye maji ya moto, ukifute kila baada ya kipande.