Kukusanya Kompyuta na Mashine za Gemu za Zamani Ukiwa Dodoma

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, nayo humwelekeza msomaji kuanza na Sinclair ZX Spectrum au Commodore 64, kompyuta mbili ndogo za nyumbani za mwaka 1982 ambazo zilijaa majumbani huko. Anayeufuata ushauri huo akiwa Dodoma atazunguka sana na kuambulia kidogo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1990. Tanzania Bara nayo haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo watoto wa Ulaya walikuwa wakiunganisha kompyuta ndogo na televisheni ya sebuleni, huku kwetu hapakuwa na kompyuta ya kuunganisha, na kwa familia nyingi hapakuwa na televisheni yenyewe.

Mkusanyaji wa Dodoma anafanya vizuri zaidi akianzia pale historia ya hapa ilipoanzia, yaani kwenye kompyuta za mezani zilizoletwa na miradi, misheni, vyuo na ofisi tangu katikati ya miaka ya 1990, kwenye nakala za Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani) zilizotengenezwa Asia na kutumia kaseti za gemu zenye chipu ndani, na kwenye PlayStation zilizochosha padi zake katika vibanda vya gemu. Vitu hivi bado vipo, vinapatikana kwa bei ya maelewano, na mtu aliyevitumia bado yupo kukueleza. Chagua fungu moja na ulishikilie mpaka ulifahamu, kwa maana chumba kilichojaa mashine za kila aina zisizowaka hakina tofauti na stoo ya vyuma chakavu.

Pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni kwa mafundi wa redio na televisheni wa muda mrefu, hasa waliozunguka masoko ya Majengo na Sabasaba, kwa sababu fundi huwa hatupi kitu. Chini ya meza yake huwa kuna mashine zilizoletwa kutengenezwa na wenyewe wasirudi kuzichukua. Mwendee kwa salamu, kaa, mweleze unachokitafuta na kwa nini, kisha uache namba yako ya simu. Ukiingia na swali la bei kabla ya shikamoo utatajiwa bei ya mgeni. Ukishazoeana naye, fundi huyohuyo atakuwa mwalimu wako. Wa pili ni wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hupima kompyuta kwa kilo na hawana sababu ya kukukatalia ukilipa zaidi ya bei ya kilo. Wa tatu ni familia za watumishi wastaafu, na wa nne ni waliowahi kuendesha vibanda vya gemu.

Ofisi na vyuo ni hazina kubwa, lakini zina masharti yake. Tangu ofisi za Serikali zilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi baada ya mwaka 2016, vifaa vingi vya zamani vimekuwa vikihama na kuondolewa kwenye matumizi. Mali ya umma huondolewa kwa utaratibu, mara nyingi kwa mnada wa hadhara unaotangazwa, na ndiko unakopaswa kuinunulia na kupewa stakabadhi. Kompyuta yenye namba ya mali ya Serikali iliyopakwa rangi ubavuni, ikiuzwa na mlinzi wa geti saa za jioni, iache hapohapo hata kama ndiyo uliyoitafuta mwaka mzima. Ukinunua kihalali ukakuta diski bado ina mafaili ya ofisi, yafute bila kuyasoma.

Kabla ya kuchomeka kwenye umeme

Hapa ndipo mashine nyingi zinapokufa, na ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na ya Marekani inataka volti 120. PlayStation ya kwanza ina sehemu ya umeme ndani ya boksi lake, na waya wake unafanana kabisa na ule wa redio kaseti, kwa hiyo hakuna kitu kinachokuzuia kuichomeka ukutani na kuiunguza papo hapo. Igeuze kwanza usome kibandiko cha chini. Ikiwa imeandikwa volti 100 au 120, itafutie transfoma ya kushusha umeme. Kwa mashine ndogo ya aina hiyo transfoma ya wati 50 inatosha.

Kompyuta za mezani zina mtego wake. Nyuma ya pawasaplai nyingi za miaka ya 1990 kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande mwingine, na kompyuta iliyofika kama msaada kutoka Marekani inaweza kuwa bado imewekwa kwenye 115. Isogeze kwa bisibisi kabla ya jambo lolote. Zile zilizotangulia ATX, mpangilio wa bodi na pawasaplai wa mwaka 1995, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu swichi yao ya mbele inapitisha umeme wa ukutani wenyewe, si ile volti chache ya kompyuta za baadaye. Pia pawasaplai yao huungana na bodi kuu kwa plagi mbili zinazokaa sambamba, na plagi hizo zinaweza kubadilishana nafasi. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Zikikaa pembeni, bodi inaungua.

Kwa mashine za adapta, usiamini kwamba plagi inayoingia ndiyo plagi sahihi. Adapta ya NES, ile Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya, hutoa volti 9 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani), wakati Famicom ya Japani inahitaji volti 10 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri) na ncha ya kati ya plagi ikiwa hasi. Adapta ya kwanza ukiichomeka kwenye mashine ya pili utaiua. PSone, ile PlayStation ndogo ya mwaka 2000, inataka volti 7.5 za DC. Nunua mita ya fundi, hata ya bei nafuu, upime kila adapta kabla haijagusa mashine, kisha uandike kipimo kwenye karatasi na kuifunga kwenye waya.

Pawasaplai iliyokaa miaka mingi bila kutumika iwashe kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa nayo kwa mfuatano, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye pawasaplai, mbinu ambayo mafundi wazee wa redio wanaifahamu vizuri. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, hali ni nzuri; ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, nawe umeokoa mashine kwa gharama ya balbu. Baada ya hapo weka stabilaiza kwenye meza yako ya kazi, na wakati wa masika chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena, mara usikiapo ngurumo.

Televisheni ya kuitumia

Usiuze TV yako ya chogo. Mashine za gemu za kabla ya mwaka 2000 zilitengenezwa kwa ajili ya kioo cha aina hiyo, na bunduki ya mwanga inayokuja na nakala za Famicom haifanyi kazi kwenye TV bapa, kwa kuwa inategemea kuuona mwanga wa kioo kwa namna ambayo TV ya chogo pekee huuchora. Angalia maandishi ya nyuma ya TV au menyu yake kama inakubali PAL na NTSC zote mbili, yaani mifumo miwili tofauti ya picha za televisheni za rangi. Mashine ya Kimarekani au ya Kijapani ikiunganishwa kwenye TV isiyojua NTSC itatoa picha isiyo na rangi au inayokimbia, na mwenye nayo hudhani mashine ni mbovu. Tofauti hiyo iko pia katika mwendo: PAL huchora picha mara 50 kwa sekunde na NTSC mara 60, hivyo gemu nyingi za zamani za PAL huenda polepole kuliko zilivyotungwa.

Penye tundu za AV, tumia hizo badala ya antena. Ukilazimika kutumia antena, tafuta stesheni kwa mkono, taratibu, kwa sababu utafutaji wa kujiendesha mara nyingi huiruka. TV ikiharibika, mpelekee fundi. Ndani ya chogo kuna volti zaidi ya 20,000 zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, na jambo hilo si la kujifunzia peke yako.

Kufungua na kusafisha

Vumbi jekundu la Dodoma huingia kila mahali, lakini hali ya hewa yetu ina upande wake mwema. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mvua zake ziko hasa kati ya Desemba na Aprili, na sehemu iliyobaki ya mwaka ni kavu. Chuma hakiliwi na chumvi kama Tanga au Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo mashine iliyotoka pwani ikague kutu kwenye skrubu na kwenye miguu ya viunganishi kabla ya kukubaliana bei, na iliyokaa hapa ikague vumbi. Safishia nje, kwa brashi laini ya kupakia rangi na blowa, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Katika kiangazi hewa kavu huleta umeme tuli, basi vaa nguo ya pamba, na gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa bodi.

Kitu cha kwanza kutafuta kwenye bodi ni betri. Bodi nyingi za kompyuta za 386 na 486, zilizotangulia Pentium, zina betri ya mviringo mithili ya pipa, mara nyingi ya buluu au kijani, ambayo ikizeeka huvuja na kula njia za shaba. Ikate na kuiondoa hata kama haijavuja. Palipovuja pakae siki kidogo kwa dakika chache, pasuguliwe kwa mswaki, kisha paoshwe kwa spiriti ya isopropili na kukaushwa. Kompyuta za Pentium na kuendelea kwa kawaida zina betri bapa ya CR2032 ambayo haina usumbufu huo. Kwenye bodi za kati ya takriban 1999 na 2007 shughulikia kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji ya umeme: ni kipindi ambacho viwanda vingi vilitumia kapasita mbovu, nazo hujulikana kwa vichwa vilivyovimba au kutoa uchafu wa kahawia. Fundi anayejua kulehemu anazibadilisha, mradi umpe zenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi.

Kaseti isiyosoma mara nyingi haina ubovu wowote. Paka spiriti kwenye kijiti cha pamba, sugua meno yake hadi pamba itoke safi, subiri ikauke. Kuipuliza kwa mdomo, desturi ya watoto wote wa zama zile, huongeza unyevu na kutu. Ukifungua kaseti ya nakala utakuta tone jeusi la plastiki badala ya chipu zenye miguu. Na ile inayojitangaza kuwa na gemu milioni kadhaa huwa na chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Sioni sababu ya kuidharau. Ndiyo iliyochezwa hapa, na katika mkusanyiko wa Dodoma ina haki ya kukaa rafu ya mbele.

PlayStation za mwanzo zina ugonjwa wao: reli ya plastiki inayobeba lenzi huchakaa, hivyo vijana walizigeuza juu chini ili disiki isomeke. Ukiiona inauzwa ikiwa imelala hivyo, bei ishuke. Nyingi pia zina chipu iliyolehemewa baadaye ili zisome disiki za kunakili. Kunakili huko kulikuwa na kungali ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini chipu yenyewe ningeiacha ilivyo, kwa kuwa inaonyesha jinsi mashine ilivyotumika.

Kuhusu plastiki iliyogeuka njano, kuna wanaoipaka peroksaidi ya asilimia 12, ileile ya saluni, na kuianika juani, na jua la Dodoma huifanya kazi hiyo kwa saa chache. Wanaofanya hivyo wavae glavu na kuondoa kwanza vibandiko. Mimi siipendi: plastiki hupata mabaka ikikauka isivyo sawa, na unjano unaweza kurudi.

Kuhifadhi na kuandika

Usiweke disiki, flopi wala kanda darini chini ya bati, kwa sababu joto la mchana huzipinda. Tumia rafu ya chuma iliyoachana na ukuta na sakafu, maana mchwa wa kanda hii wataanza na boksi la karatasi, wamalize na kitabu cha maelekezo ambacho hutakipata tena. Funika mashine kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, na kila baada ya miezi michache iwashe kila moja kwa saa moja hivi, disiki izunguke na lenzi isogee.

Fungua daftari. Kwa kila mashine andika namba ya modeli na ya utengenezaji, volti, ulikoipata, ulichobadilisha ndani na tarehe. Muhimu zaidi, andika maneno ya aliyekuuzia: ilitumika wapi, ilifika nchini kwa njia gani, kibanda kilitoza kiasi gani kwa dakika ngapi, gemu gani ilipangiwa foleni. Mwombe ruhusa kabla ya kumrekodi kwa simu, na usipachike gundi kwenye mashine; namba ya daftari iandike kwenye kipande cha kadi na kukifunga kwa uzi. Ile isiyofufuka itoe sehemu zinazofaa, uzipe namba nazo, na boksi tupu umrudishie fundi aliyekuuzia, kwani naye huwa anatafuta skrubu.